Baiskeli ya Mtu Mmoja na Baiskeli ya Wengi

Katika taaluma ya uchukuzi mijini, baiskeli binafsi hutenganishwa na baiskeli ya pamoja, yaani ile inayotumiwa na watu wengi kwa zamu bila wao kuimiliki, kwa kuwa mambo yanayomfanya mtu anunue ya kwanza siyo yale yanayomfanya alipie ya pili. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, unaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi.

Kwa mkazi wa Sapiwi anayekwenda Bariadi mjini, umiliki huamuliwa kwanza na pamba, zao ambalo msimu wake wa mauzo hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei na kuleta fedha kwa mkupuo, hivyo kaya huweza kununua chombo kisichodai mafuta na kinachotengenezwa na fundi wa chini ya mti kwa gundi na kiraka. Nchi kuwa tambarare husaidia, ingawa udongo mweusi wa mbugani, ambao ni mfinyanzi mzito, hunata wakati wa mvua, ukajaa kati ya tairi na madigadi hata mwendeshaji akalazimika kuibeba baiskeli iliyopaswa kumbeba yeye. Mila nayo ina nafasi yake: Usukumani, yaani nchi ya Wasukuma ambamo Simiyu imo, mwanamke kuendesha baiskeli ni jambo la kawaida, lakini pale ambapo jamii huliona kuwa aibu, nusu ya watumiaji hupotea kabla barabara haijajengwa.

Baiskeli ya pamoja ina historia yenye mafunzo makali. Mwaka 1965, wanaharakati wa Provo huko Amsterdam walitoa baiskeli nyeupe zisizo na kufuli, nazo zikachukuliwa na polisi au kuibwa. Mwaka 1995 Copenhagen iliweka baiskeli zilizofunguliwa kwa sarafu ya amana. Mwaka 2007 Paris ilizindua Vélib', yenye vituo na kadi. Kisha, kuanzia karibu mwaka 2016, kampuni za China zilisambaza baiskeli zinazofunguliwa kwa simu na kuachwa popote, ambazo nyingi ziliishia kuwa marundo ya chuma. Kinachojirudia humo ni suala la mwangalizi: nani huziba pancha, na nani hujua baiskeli imelala wapi.

Miji ya Usukumani ililijibu swali hilo bila mtambo wowote, kwa ile inayoitwa daladala, baiskeli yenye kiti cha abiria juu ya keria, ambayo hutumiwa na wengi kwa nauli lakini ina mtu mmoja anayeijua kila spoku. Udhaifu wake ni mwendo, na ndiyo maana bodaboda ya pikipiki imeinyang'anya safari ndefu, huku ikiiachia zile fupi za sokoni na stendi.

Usalama ndio kigezo kinachowagusa wamiliki na abiria kwa pamoja, maana baiskeli isiyo na njia yake husukumwa ukingoni na mabasi na malori. Hata njia pekee haitoshi: zile zilizojengwa Dar es Salaam kando ya barabara ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, mara nyingi huvamiwa na pikipiki na wachuuzi. Kwa hiyo wakala za barabara, TANROADS na TARURA, pamoja na halmashauri za Bariadi zitengeneze mabega mapana ya barabara na kuyalinda, kabla ya yeyote kufikiria baiskeli za kufunguliwa kwa simu.