Dai kwamba Wakenya hupiga kura kikabila hupimwa vipi?

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, dai moja husikika kutoka vijijini hadi kwenye studio za redio: kwamba mpiga kura hufuata kabila lake na wala hajali sera. Wanasiasa hulitumia kugawana maeneo, nao wachanganuzi hulitumia kubashiri matokeo kabla ya kura hata moja kupigwa.

Dai hilo si la kufanyiwa mzaha. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliangamiza zaidi ya watu 1,100, na majirani walishukiana kwa sababu tu ilidhaniwa kwamba kabila la mtu latosha kufichua kura yake.

Katika idara za sayansi ya siasa vyuoni, hata hivyo, mwanafunzi haruhusiwi kulichukua dai kama hilo kuwa ukweli. Hutakiwa kuligeuza kuwa nadharia tete, yaani kauli ambayo bado haijakomaa na inayosubiri kupimwa. Wengi huifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa katika shahada ya kwanza, ama katika mradi wao wa mwaka wa mwisho, ama wakiwa wasaidizi wanaomkusanyia mhadhiri data nyanjani.

Sharti la kwanza la nadharia tete ni kwamba iweze kukanushwa. Mwanafalsafa Karl Popper alilisisitiza jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1934. Kauli inayokubaliana na kila tokeo haielezi lolote. Kwa hivyo, kabla ya kutoka na hojaji, mwanafunzi hupaswa kuandika ni matokeo gani yatakayomlazimu kukiri kwamba kauli yake ni potovu.

Chukua kauli kwamba kila jamii humpigia kura mwaniaji wa kabila lake. Katika uchaguzi wa 2002, Simeon Nyachae alizoa kura nyingi katika eneo la Gusii anakotoka, na hapo kauli hiyo inapata nguvu. Lakini katika uchaguzi uo huo, wawaniaji wawili wakuu, Mwai Kibaki na Uhuru Kenyatta, walitoka katika jamii moja ya Wakikuyu. Kibaki alishinda kwa takriban asilimia 62 ya kura, zikiwemo kura nyingi za Nyanza na Magharibi. Mwaka wa 2022, wapiga kura wengi wa Mlima Kenya walimuunga mkono William Ruto, ambaye si wa jamii zao.

Mtetezi wa kauli hiyo huenda akajibu kwamba wapiga kura hao walifuata muungano wa vigogo wao, na kwa hivyo bado ni ukabila. Huenda ni kweli. Ila hiyo sasa ni nadharia tete nyingine, na yafaa iandikwe upya pamoja na masharti yake ya kukanushwa. Mtafiti anayebadilisha kauli yake baada ya kuona matokeo, kisha akadai kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo, hajapima chochote.

Ugumu wa pili ni kutenganisha sababu. Jamii mbili zinapozozana, itajulikanaje kama chanzo ni tofauti za mila au ni siasa? Mtafiti Mmarekani Daniel Posner alipata njia katika mpaka wa Zambia na Malawi, uliochorwa wakati wa ukoloni ukawakata Wachewa na Watumbuka pande mbili. Lugha na desturi zao ni zile zile upande huu na ule. Iwapo mila ndiyo chanzo cha uhasama, basi uhasama ungelingana pande zote.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 2004 yalikuwa kinyume. Nchini Malawi, jamii hizo ziliepukana katika ndoa na katika kura. Nchini Zambia, zilionana kama washirika. Posner alieleza kwamba nchini Malawi kila mojawapo ni kubwa kiasi cha kuwa ngome ya mwanasiasa, ilhali nchini Zambia zote mbili ni ndogo mno na hulazimika kuungana kama watu wa mashariki.

Mwaka uo huo, Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na wilaya ya Meatu nchini Tanzania. Huko Busia, maeneo yenye mchanganyiko wa makabila yalichangia shule zao fedha kidogo kuliko maeneo ya kabila moja. Huko Meatu, tofauti hiyo haikuonekana. Miguel aliihusisha hali hiyo na sera za ujenzi wa taifa nchini Tanzania, zikiwemo matumizi ya Kiswahili na mafunzo ya shuleni. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba wilaya mbili ni chache, na nchi hizo zinatofautiana kwa mengine pia.

Hatua inayowatatiza wanafunzi wengi ni ya takwimu. Hapa mtafiti huanza kwa kudhani kinyume cha anachokitarajia, yaani kwamba hakuna tofauti yoyote. Kisha huuliza: ikiwa kweli hakuna tofauti, je, matokeo kama haya yangeweza kutokea kwa bahati tu?

Tuseme msaidizi amewahoji watu 200 wa mjini na 200 wa mashambani, waliochaguliwa bila upendeleo. Wa mjini 120 wanasema sera ndiyo muhimu, na wa mashambani 100. Hiyo ni asilimia 60 dhidi ya 50. Kama hakungekuwa na tofauti kati ya makundi hayo katika umma, pengo kama hilo au kubwa zaidi lingetokea kwa bahati mara 4 hivi katika kila sampuli 100. Lakini kama angewahoji watu 100 tu kila upande na kupata asilimia zile zile, bahati ingeweza kuleta pengo hilo mara 15 hivi kwa 100.

Kipimo kilichozoeleka ni mara 5 kwa 100, kilichoenezwa na mtaalamu Mwingereza Ronald Fisher katika kitabu chake cha 1925. Kwa kipimo hicho, sampuli ya kwanza ingetosha kuitupa dhana ya kutokuwepo tofauti, na ya pili isingetosha. Kutotosha huko si thibitisho kwamba makundi hayo yanafanana. Ushahidi ndio haukufika. Aidha, anayejaribu maswali 20 yasiyo na ukweli wowote aweza kutarajia moja lipite kwa bahati. Ndiyo maana ni kosa kuficha yale 19 yaliyofeli.

Hesabu hizo zote hutegemea kijana anayebisha hodi mlangoni. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulichunguza data ya shirika la Afrobarometer kutoka nchi 14 za Afrika. Uligundua kwamba watu hutoa majibu tofauti wanapohojiwa na mtu wa kabila lao na wanapohojiwa na mgeni, hasa kuhusu masuala ya kikabila. Kwa hivyo, anayepima ukabila hana budi kurekodi pia jamii ya mhoji.

Isitoshe, msaidizi aliyechoka akaketi chini ya mti na kujijazia hojaji huharibu kazi nzima, na hakuna hesabu itakayoirekebisha. Vivyo hivyo kwa anayemchagua jirani rafiki badala ya nyumba iliyoangukiwa na kura. Mhojiwa naye ana haki ya kuelezwa lengo la utafiti na kukataa kujibu, na nchini Kenya kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, chini ya sheria ya 2013.

Msomaji asiye mwanafunzi pia aweza kunufaika na utaratibu huu. Anapoambiwa kwamba eneo fulani tayari limeamua kwa sababu ya kabila, ana haki ya kuuliza ni watu wangapi waliohojiwa, walichaguliwa vipi, nani aliwahoji, na ni tokeo gani lingemfanya msemaji akubali kwamba amekosea. Asiyeweza kulijibu swali hilo la mwisho amebashiri tu, na ubashiri si sababu ya kumshuku jirani.