Pipa Lisilokauka: Jinsi Wiski Huchanganywa Bila Kuisha, na Vile Mzinga Mmoja Feki Unaweza Kuwamaliza

Desemba ikifika, Sironga hujaa. Wasee wanarudi ocha kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa, na kila mmoja hushuka na kitu kwa begi. Mmoja ana Glenfiddich iliyobaki robo. Mwingine ana Monkey Shoulder nusu. Kuna na yule binamu huwa na mzinga ambao hataki kusema alinunua wapi. Mwaka mpya ukipita, mezani kuna chupa tano na kila moja ina vidole viwili vya makali. Hapo lazima beshte mmoja aseme: "Si tumwage zote kwa chupa moja, tuwe tunaongezea?"

Usimcheke. Wazo lake lina jina, lina historia, na kuna watu Scotland na Uhispania wanatengeneza mkwanja nalo. Lakini lina sheria zake, na ukizipuuza unaweza kupoteza zaidi ya doh. Tulia nikuchanulie. Kama hujafika 18, soma tu kwa ajili ya maarifa, mzinga uwache hapo ulipo.

Kimea unakijua tayari

Ukisikia "single malt" usidhani ni kitu cha mbinguni. Hapa Gusii kimea kinajulikana kutoka enzi za mababu. Wimbi linalowekwa maji, likaota, likaanikwa na kusagwa, hicho ndicho kimea. Ndicho huingia kwa busaa pamoja na unga wa mahindi uliochachuka na kukaangwa kwa bati. Bila kimea, wanga haugeuki sukari, na bila sukari chachu haina cha kula.

Wiski ya kimea hupita njia hiyo hiyo, ila wao hutumia shayiri badala ya wimbi. Shayiri inaoteshwa, inakaushwa, inasagwa, inachachushwa, halafu ule mchachu unapikwa kwa mitungi ya shaba na mvuke unakusanywa. Kinachotoka ni cheupe kama maji. Ukikiweka kando ya chang'aa, kwa macho hutajua kipi ni kipi.

Tofauti inakuja baadaye. Sheria ya Scotland inasema kinywaji hicho lazima kikae kwa pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3, kikiwa hapo hapo Scotland, na kwenye chupa kisishuke chini ya asilimia 40 ya pombe. Mbao ndiyo hufanya kazi kubwa. Inatoa rangi, inatoa ladha ya vanila na viungo, na inafyonza ule ukali wa kuchoma koo. Kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilicho ndani hupotea hewani. Wenyewe huiita fungu la malaika.

Solera ni nini?

Neno linatoka Uhispania, kwa "suelo", yaani sakafu. Kule Jerez watu wanaotengeneza mvinyo wa sheri hupanga mapipa kwa safu. Safu ya chini kabisa, iliyo karibu na sakafu, ndiyo yenye mvinyo mzee. Wakitaka kuuza, wanatoa kiasi kutoka safu ya chini, wanaijaza kutoka safu ya pili, ya pili inajazwa kutoka ya tatu, na mvinyo mpya unaingia juu. Hakuna pipa linalokaushwa. Mdogo anaingia kwa mzee na kuchukua tabia zake.

Mwaka 1998 hiyo akili ilihamia kwa wiski. Glenfiddich, kiwanda cha familia ya William Grant kule Dufftown ambacho kilitoa kinywaji chake cha kwanza siku ya Krismasi 1887, kiliweka pipa kubwa la mbao ya msonobari wa Oregon. Fundi wao wa kimea, David Stewart, alikuwa ameiga wazo la sheri. Wanachukua wiski zilizokomaa kwa mapipa ya aina tatu: yaliyobeba bourbon ya Marekani, yaliyobeba sheri, na ya mwaloni mpya. Zote zinamwagwa kwa pipa hilo moja, na tangu siku hiyo sheria ni moja: pipa halishuki chini ya nusu. Wakitoa, wanajaza. Ndiyo ile Glenfiddich ya 15 unaiona kwa kaunta, yenye neno Solera na yule kulungu.

Faida ni gani? Ladha haiyumbi. Pipa moja likitoka tamu kupita kiasi na lingine kavu, zote zinazama kwa bahari ya zile zilizokuwepo. Chupa ya mwaka huu inakuwa ndugu ya chupa ya mwaka jana.

Hesabu ya pipa

Hapa ndipo wasee wengi huuziwa story. Mtu anakuambia, "Hii iko na wiski ya 1998 ndani," halafu anaongeza bei. Ni kweli au ni kamba? Tupige hesabu.

Chukua pipa la lita 100. Kila mwaka toa nusu, jaza nusu. Mwaka wa kwanza ile ya mwanzo inabaki lita 50. Wa pili, 25. Wa tatu, 12 na nusu. Ukifika mara ya kumi, iliyobaki haifiki hata mililita 100, kwa pipa zima! Ipo, na kihesabu haiishi kabisa, lakini kwa glasi yako ni tone.

Kwa hesabu hiyo hiyo, wastani wa muda ambao kinywaji kimekaa ndani ya pipa unakwama kwenye miaka 2. Hata pipa likiwa na miaka 50, wastani utabaki huo huo, kwa sababu kila mwaka nusu ni wageni. Kiwanda kinachotoa mara nyingi zaidi, wastani wake ni mfupi zaidi.

Ndiyo maana sheria ya Scotland haibabaiki. Namba iliyo kwa chupa ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote ndani yake. Ikiandikwa 15, hakuna tone la chini ya miaka 15. Ukichanganya ya 18 na ya 12, mbele ya sheria hiyo ni ya 12. Kwa hivyo ukiambiwa "solera ya miaka 30" kwa bei ya kutupa, uliza swali moja tu: iliyo changa kabisa ina miaka mingapi?

Na nyungu ya amarwa je?

Unaweza kusema hata abagaka walikuwa na solera yao. Wazee wamezunguka nyungu ya amarwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, na kinywaji kikishuka maji ya moto yanaongezwa. Nyungu haikauki mpaka story ziishe.

Inafanana, lakini inaenda upande wa pili. Maji ya moto yanatoa nguvu iliyobaki kwa unga, halafu kila raundi inakuwa nyepesi kuliko iliyopita. Mwishowe unakunywa uji wa kumbukumbu. Kwa solera kinachoongezwa si maji, ni kinywaji kilichokomaa tayari. Lakini kuna somo moja ambalo wazee walilijua kabla ya David Stewart: wote wanakunywa kutoka chombo kimoja, kwa hivyo aliyeandaa chombo ana jukumu kwa kila mtu aliyeshika mrija. Shika hapo.

Ukitaka ya kwako nyumbani

Pipa huna, lakini chupa unayo. Weka hii akilini kwanza: kioo hakikomazi wiski. Ya miaka 12 ikikaa kwa kabati miaka 10 bado ni ya 12. Unachofanya nyumbani ni kuoanisha ladha, basi. Fanya hivi:

1. Tafuta chupa ya kioo safi, kavu, yenye kizibo kinachobana. Chupa ya plastiki sahau.
2. Anza na wiski mbili zinazoelewana, zote za kimea. Jini, vodka na ramu zikae mbali.
3. Zile za moshi wa mboji, zenye harufu ya jiko la kuni, tia kidogo sana. Mililita 20 zinaweza kufunika chupa nzima.
4. Kabla ya kumwaga, jaribu kwa glasi. Changanya kijiko kwa kijiko, onja, ndipo uamue.
5. Ukishaongeza, iache wiki mbili hivi bila kuigusa.
6. Usiiruhusu ishuke chini ya nusu. Hewa ikizidi ndani, ladha inafifia.
7. Isimamishe wima, mbali na jua. Ukiilaza, pombe inakula kizibo.
8. Andika kwa karatasi kila ulichoongeza, kiasi na tarehe.

Nguvu nayo unaweza kupiga hesabu. Mililita 500 za asilimia 40 ukiongeza 250 za asilimia 46, unapata 750 za asilimia 42. Ukishajua hivyo, hutashangaa kwa nini vidole viwili vya leo vimekubeba kuliko vya juzi.

Sasa ule mzinga wa binamu

Tulisema hesabu ya pipa haifiki sifuri. Kwa wiski nzuri hiyo ni habari njema. Kwa sumu, ni habari mbaya sana.

Kenya haijasahau. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi kutoka Mukuru, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Wengine wakabaki vipofu. Februari 2024, Kirinyaga ikazika watu zaidi ya 10 kwa kinywaji chenye sumu. Na si pombe ya kibanda peke yake. Chupa tupu za bei kali huokotwa, zinajazwa makali ya ovyo, zinafungwa upya na kurudi dukani zikiwa zinang'aa.

Methanoli haina ladha ya kukushtua. Ndani ya mwili, ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mililita 10 tu za methanoli safi, vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu.

Na hii ndiyo sehemu wengi hawajui. Ini likipewa pombe ya kawaida pamoja na methanoli, linashughulikia ya kawaida kwanza. Kwa hivyo feki ikichanganywa na wiski halali, dalili zinachelewa. Unalala ukijua uko fiti, unaamka poa, halafu kesho yake jioni ndipo mambo yanachacha. Chupa ya kuongezea inakuficha ukweli, na pia hutajua ni mzinga upi ulileta balaa, kwa sababu zote ziko ndani.

Kwa hivyo, kabla ya kumwaga chochote kwa chupa ya pamoja:

- Angalia stempu ya ushuru ya KRA, na uikague kwa programu ya Soma Label kwa simu yako.
- Hakikisha muhuri haujaguswa, na kifungue wewe mwenyewe au mbele yako.
- Bei ikiwa nusu ya bei ya kila duka, jua kuna kitu.
- Chang'aa isiingie, hata kama mpishi ni shosho wa beshte yako.
- Mabaki ya glasi za watu yamwage nje.
- Usiamini ile ya kuwasha kiberiti uone moto wa bluu. Ethanoli nayo huwaka bluu.

Mtu akianza kuona ukungu, kutapika, kuumwa kichwa kuliko hangover ya kawaida au kupumua kwa haraka, usimwambie alale itapita. Mkimbize Nyamira County Referral, au Kisii Teaching and Referral, usiku huo huo, na beba ile chupa na ile karatasi yako. Daktari akijua ni methanoli mapema, matibabu yapo, na macho yanaweza kuokolewa. Kila saa unayosubiri inakula nafasi hiyo.

Kama una shaka na mzinga mmoja, usiuongeze. Na kama tayari umeuongeza, hakuna cha kupunguza kwa kujaza tena. Mwaga chupa yote kwa choo, hata kama ndani kuna ya 18. Itauma, lakini ni ganji tu. Bamura wenzako watakuita mchoyo kwa siku mbili, halafu Desemba ijayo mtaanza nyingine mkiwa wote mnaona.