Nyiragongo Ndogo za Chwaka

Sisi wa Rugerero tukiamka tunaitazama volkano ya Nyiragongo kwanza: leo inafuka kiasi gani? Ndiyo maana siku niliyofika Ghuba ya Chwaka, Unguja, nilicheka peke yangu. Maji yalikuwa yamekupwa, na katikati ya nyasi za baharini palijaa vilima vya mchanga visivyofika hata goti, kila kimoja na tundu kileleni. Nikachutama mbele ya kimoja. Mara tundu likatema maji ya tope, mchanga ukateremka ubavuni kama lava.

"Usikanyage hapo mwanangu, utazama," alisema bibi mmoja aliyekuwa akitoka kwenye mwani wake.

Nilikuwa nimeshakanyaga. Mguu ulitoka, ndara ikabaki.

Mwenye kilima ni kamba, ila si yule wa sokoni. Huyu ni mweupe, ganda lake laini, gando moja kubwa kuliko jenzake. Huishi shimoni, na wapo wanaochimba zaidi ya mita moja. Kazi yake ni kuchekecha tope: hula mabaki ya majani na vijidudu, kisha hutupa takataka juu. Nyasi fupi hufukiwa na mchanga huo. Zenye majani marefu hustahimili.

Niliichokoa ndara ikatoka na tope jeusi linalonuka yai viza. Hiyo ndiyo harufu ya mahali ambapo vitu huoza bila oksijeni. Kamba naye angekufa humo, lakini chini ya tumbo ana vijiguu bapa anavyovipiga kama mtu anayepepea jiko la mkaa. Maji mapya huingia, yaliyochoka hutoka. Ukuta wa shimo hugeuka rangi ya kahawia, huku tope la pembeni likibaki jeusi tii. Na virutubisho vilivyofungiwa chini hupata njia ya kurudi kwenye maji.

Nikalikumbuka ziwa letu, nikamtajia bibi. Kivu ina kina cha zaidi ya mita 480, lakini ukipita kama mita 60 oksijeni imekwisha. Chini ya hapo maji yamejaa gesi. Samaki wote hubanana juu, na usiku wavuvi huwavuta kwa taa. Huko chini hakuna wa kupepea.

Bibi alinisubiri nisuuze ndara.

"Na ninyi ziwani kwenu mna nini?"

"Sambaza, bibi. Lakini wanaishi juu tu."