Chemchemi na Birika



Yako maneno tuliyoyazoea hata hatuyasikii tena. Mojawapo ni neno chemchemi. Twasema chemchemi ya hekima, chemchemi ya furaha, hata chemchemi ya ugomvi. Kila chenye mwanzo twakipa chemchemi. Asubuhi hii na tulirudishe neno hili mahali pake, penye maji.

Chemchemi ni mahali ambapo maji hububujika yenyewe kutoka ardhini. Ndani ya jina lake twasikia sauti ya kitu kinachochemka. Waswahili huiita pia jicho la maji, na hapa lugha yetu yapatana na nyingine mbili za kale: katika Kiarabu na Kiebrania, neno moja lataja jicho la mtu na chemchemi pia.

Tusiichanganye na kisima wala birika. Kisima huchimbwa na mtu, na maji yake huvutwa kwa kamba. Birika hujengwa ili kuhifadhi maji yaliyotiwa ndani yake. Likipata ufa, limekwisha. Nabii Yeremia aliwalaumu watu wake kwa kuiacha chemchemi wakajichimbia mabirika yenye nyufa. Wenyeji wa nchi ile kavu hawakuhitaji kufafanuliwa.

Tofauti hiyo yaonekana pia katika Injili ya Yohana, sura ya 4. Mwanamke Msamaria alikuja na mtungi wake kuteka maji katika kisima cha Yakobo, kisima kirefu, chenye kumchosha mtekaji kila siku. Bwana Yesu akamwahidi maji ambayo ndani ya mtu yatakuwa chemchemi. Angalieni, ndugu zangu: hakumwahidi mtungi mkubwa zaidi.

Lakini je, chemchemi hujitosheleza? Twende Tsavo, nchini Kenya, kwenye chemchemi za Mzima. Viboko huogelea katika maji maangavu, ingawa nyika inayozunguka ni kavu. Mgeni aweza kudhani kwamba maji yale yameanzia pale. Sivyo. Mvua huinyeshea milima ya Chyulu, iliyo mbali kwa makumi ya kilomita. Milima hiyo ni ya majivu na mawe ya volkano, yenye vitundu vingi, wala haina mto wa kudumu juu yake. Maji hunywea chini, husafiri gizani kupitia miamba, hata yatokeze Mzima. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo huchukuliwa kwa bomba hadi Mombasa. Mama wa Mombasa afunguaye mfereji apate kumwogesha mtoto wake huenda hajauona mlima wa Chyulu. Hata hivyo, msitu wa mlima ule ukifyekwa, hasara itamfikia yeye.

Basi, chemchemi haitoi kwa sababu inayo. Hutoa kwa sababu inapokea. Tofauti yake na birika ni kwamba haifungi kilichoifikia.

Wako miongoni mwetu watu ambao wengine huwanywea kila siku: mama wa nyumba, mwalimu wa kijiji, muuguzi wa zamu ya usiku. Sote twafika na mitungi yetu, twajaza, twaondoka. Siku moja mama huyo anajibu kwa ukali, nasi twanung'unika kwamba amebadilika. Pengine hakubadilika. Pengine kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza kama amelala, kama amekula, kama amepata hata saa moja ya kusali. Tumelinda bomba, tukafyeka msitu.

Nawe utoaye bila kupumzika, usione haya kupokea. Kunyamaza mbele ya Mungu si uvivu, wala kukubali msaada wa jirani si unyonge. Hiyo ndiyo mvua ya mlimani, isiyoonekana na wale wanaokunywa bondeni.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Juma hili, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye amekunywa kwake muda mrefu. Aende kwake, na safari hii asiende na mtungi mtupu.

Nawatakieni Jumapili njema.