Kitenzi "Kushawishi" na Jirani Zake

Kitenzi "kushawishi", ambacho husikika kila siku magulioni Handeni na katika stendi za Korogwe, kina maana ya kumvuta mtu kwa maneno, au kwa jambo la kumtamanisha, ili atende kitu kwa hiari yake mwenyewe. Na ni hiari hiyo inayokitenga na vitenzi vinavyokaribiana nacho. Mpiga debe anayemweleza abiria kwamba basi la Tanga lina nafasi na linaondoka sasa hivi anashawishi, lakini akiushika mkoba wa abiria na kuutia garini kabla hajaitikiwa, huwa ameacha kushawishi na ameanza kushurutisha. Vivyo hivyo, mnunuzi anayemwahidi mkulima bei nono ya mahindi, ilhali hana nia ya kumlipa, amemrubuni, yaani amemvuta kwa hila, kwa sababu hiari iliyojengwa juu ya uongo si hiari kamili.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Katika andiko lake la mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere, Rais wa Tanzania wakati huo, alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu, na kwa hiyo kazi ya kiongozi ilikuwa kueleza na kushawishi. Novemba 1973 alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kuanzia hapo kuuita uhamishaji wa watu kwenda vijijini "ushawishi", iwe Handeni, Korogwe au kwingineko, ni kulitumia neno pasipo mahali pake.

Ikumbukwe pia kwamba neno hili halina sifa njema kila mahali, kwani kwa Wakatoliki "kishawishi" ni kile kinachomvuta mtu kuelekea dhambini, na ndiyo maana baadhi ya wazee, wanapozungumzia mvuto wa heri, huchagua "kurai", yaani kumwendea mtu kwa maneno ya upole ili akubali.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni matokeo ya tendo. Kislovenia, lugha ya Ulaya ya Kati, hutumia vitenzi viwili: "prepričevati" kwa juhudi inayoendelea na "prepričati" kwa juhudi iliyofanikiwa. Kiswahili hakihitaji kitenzi cha pili, kwa kuwa kiambishi "-ik-", kinachoonyesha hali ya kutendeka, hufanya kazi hiyo kwa ufasaha mkubwa. Sentensi "Posa ilipokataliwa, mshenga aliwashawishi wazee mwezi mzima, wasishawishike" ni sahihi kabisa, maana sehemu yake ya kwanza inataja juhudi za mshenga na ya pili inataja uamuzi uliobaki mikononi mwa wazee. Waandishi wa habari wanaoandika kwamba wananchi "wameshawishika" na mgombea, kumbe amewahutubia tu, wanampa mgombea huyo ushindi ambao wananchi bado hawajamkabidhi.