Kuvika na Kupaka Rangi Ndege ya Karatasi

Je, ndege inaweza kuvikwa karatasi na bado ikaruka? Ndiyo, inaruka. Hata ndege za kweli za zamani zilivikwa kitambaa juu ya mifupa ya mbao. Huku kwetu magharibi zilionekana mapema. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta Ziwa Tanganyika ndege nne za kutua majini, aina ya Short. Zilitoka Uingereza, zikapitishwa Kongo zikiwa vipande vipande. Mwezi Juni zilishambulia Kigoma kwa mabomu, jirani na Ujiji, pale ilipoishia njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo na Tabora. Mwezi Septemba askari wa Wabelgiji waliingia Tabora. Kitambaa cha ndege za siku zile kilipakwa vanishi maalum ili kikazike kama ngozi ya ngoma.

Vijana wanaounda ndege ndogo hutumia ujuzi ule ule. Mti unaopendwa ni balsa, unaotoka hasa Ekwado, Amerika ya Kusini. Mita moja ya ujazo ya balsa ina kilo 160 hivi, lakini mninga wetu wa Tabora hufika kilo 600. Ukikosa balsa, tumia mabua makavu ya mtama na vijiti vya mwanzi. Karatasi iwe nyepesi sana, kama ile ya tiara. Ya daftari ni nzito mno.

Basi tuseme mifupa iko tayari. Isugue kwa msasa laini mpaka usione kinundu. Kinundu kidogo cha gundi kitaonekana sana ukishavika karatasi. Kisha ipake vanishi ya selulosi, ile ya maseremala inayochanganywa na thina na kukauka upesi. Ikikauka, sugua tena, upake mara ya pili.

Sasa chana kipande kidogo cha karatasi. Upande inakochanika kwa kunyooka ndiko ziliko nyuzi zake. Nyuzi hizo zifuate urefu wa bawa. Tandaza karatasi juu ya bawa, upitishe brashi yenye thina ukingoni. Thina hupenya karatasi, huyeyusha vanishi iliyo chini, na karatasi hushika. Usiivute kwa nguvu. Mikunjo midogo isikutie wasiwasi.

Mikunjo huondolewa kwa maji. Nyunyiza maji safi kama dobi anavyonyunyiza nguo kabla ya kupiga pasi. Karatasi italegea kwanza, uidhani imeharibika. Ngoja. Ikikauka itajikaza yenyewe. Lakini hapa ndipo kazi ya siku nyingi huharibika: karatasi ikijikaza upande mmoja kuliko mwingine, bawa hupinda, na ndege yenye bawa lililopinda huzunguka na kuanguka. Kwa hiyo vika juu na chini, kisha libane bawa juu ya ubao ulionyooka, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite. Liache mpaka kesho yake.

Halafu vanishi tena, nusu yake iwe thina. Paka mara mbili au tatu, nyembamba, na kila mara ubane bawa. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, chagua siku kavu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi vanishi hugeuka nyeupe kama ukungu.

Jambo la hatari ni moto. Mvuke wa thina hushika moto upesi sana, nao huumiza kichwa na mapafu. Usifanye kazi hii jikoni, wala karibu na kibatari au sigara. Fanya nje kivulini, na watoto wadogo wasikaribie. Kopo lifunikwe kila mara.

Na rangi je? Wengi hupaka rangi ya mafuta, ile ya milango, kwa kuwa inang'aa. Sisi hatuipendi. Ni nzito, inachelewa kukauka, wala haikazi karatasi. Wapagazi wa Unyamwezi, waliobeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, wangekuambia kwamba hata uzito mdogo una mahali pake pa kuumiza. Rangi ya mkiani huumiza kuliko ya tumboni, maana mkia uko mbali na bawa. Afadhali uvike karatasi yenye rangi tangu mwanzo. Herufi, kwa mfano 5H za ndege za Tanzania, zikate kwenye karatasi ya rangi nyingine, uzibandike kwa vanishi.

Mwisho inua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, theluthi moja ya upana kutoka mbele. Mkia ukishuka, ongeza udongo kidogo puani. Irushe asubuhi kabla ya upepo, mahali penye nyasi ndefu.