Udongo wa Mikono: Kilimo cha Matuta katika Visiwa vya Aran

Visiwa vya Aran, magharibi ya Ayalandi, ni vitatu: Inis Mór, Inis Meáin na Inis Oírr. Ardhi yake ni mwamba wa chokaa, na mahali pengi hapakuwa na udongo wa kupandia. Kwa hiyo wakulima waliutengeneza wenyewe. Kwanza waliziba nyufa za mwamba kwa mawe madogo. Kisha walitandaza mchanga na mwani, tabaka juu ya tabaka, vilivyopandishwa kutoka pwani kwa matenga, mgongoni mwa mtu au mwa punda. Kuta za mawe zilikinga udongo huo na upepo.

Viazi vilipandwa katika matuta, ambayo kwa Kiayalandi huitwa iomairí. Mbegu ziliwekwa juu ya mwani, nazo zikafunikwa kwa udongo wa mifereji ya kandoni. Mwani ulirutubisha; mifereji iliondoa maji ya mvua.

Waingereza waliyaita matuta ya namna hii vitanda vya wavivu, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya tuta haikulimwa. Jina hilo lapotosha, kwani kazi yenyewe ilikuwa nzito. Wala njaa kuu ya Ayalandi, iliyoanza mwaka 1845 na kuua watu wapatao milioni moja, haikuletwa na uvivu: maradhi ya ukungu yaliangamiza viazi, na maskini wengi hawakuwa na chakula kingine.

Basi neno huweza kubeba hukumu ya aliyelitunga. Yafaa kuitazama kazi kwanza, ndipo jina lake likubaliwe.